Kabla ya kumlaumu mama wa mtoto asiyelala

Nyumba nyingi za kupanga za Chang'ombe, Majengo na Nkuhungu hapa Dodoma zimebanana, na kilio cha mtoto mchanga usiku hakifichiki kwa jirani. Mtoto akilia usiku mmoja watu huvumilia. Akilia wiki nzima maneno huanza. Mmoja atasema mtoto ana chango. Mwingine atasema kapigwa jicho, atafutiwe mtu wa kumfunga hirizi. Na wengine, ambao kwa bahati mbaya ndio wengi, watasema tatizo ni mama mwenyewe: wasichana wa siku hizi hawajui kulea, maziwa yake mepesi, mbona sisi tulizaa saba na hatukumsumbua mtu.

Husuda ipo, na Waislamu tumefundishwa kumkinga mtoto kwa dua, si kwa hirizi. Chango nalo watoto huumwa. Lakini katika maneno yote hayo ni nadra kumsikia mtu akiuliza jambo moja la wazi kabisa: mama huyu aliishije ile miezi tisa aliyoibeba mimba hii? Alikula nini, alibeba nini, alilala saa ngapi, na nani alimtuliza alipokuwa na hofu? Makala hii inataka kuonyesha kwamba swali hilo si la madaktari peke yao. Ni swali la haki na dhulma, na wanaopaswa kulijibu kwanza ni sisi tunaomzunguka mama, kabla ya mama mwenyewe.

Historia yetu inayo habari inayofanana sana na jambo hili. Wanahistoria wa Kiislamu, akiwemo Ibn Sa'd, wamesimulia kuwa msafara wa wafanyabiashara ulifika Madina wakati wa ukhalifa wa Umar bin Khattab (r.a.), wakapiga kambi nje. Umar na Abdurrahman bin Auf (r.a.) wakatoka usiku kuwalinda. Umar akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake, akamwambia amche Mungu na amtendee mwanawe wema. Mtoto akaendelea kulia, naye akarudi tena na nasaha ile ile. Mwisho wa usiku uvumilivu ukamwisha, akamwambia yule mwanamke kuwa ni mama mbaya, kwa nini mwanawe hatulii usiku kucha? Yule mama, asiyejua anazungumza na nani, akamjibu kuwa anamwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati wake naye anakataa, na kwamba anafanya hivyo kwa sababu Khalifa hatoi posho ya Baitul Mal ila kwa mtoto aliyekwisha kuacha kunyonya.

Umar akaswalisha Alfajiri huku watu hawaelewi kisomo chake kwa kilio. Kisha akatoa amri kwamba tangu siku hiyo kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu apewe posho tangu kuzaliwa, na wala watu wasiwaharakishe watoto wao kuacha ziwa.

Tuizingatie vizuri habari hii. Kiongozi mwadilifu kabisa, mtu aliyetoka usiku kwa ajili ya kulinda watu, alianza pale pale tunapoanzia sisi: alimlaumu mama. Alipouliza sababu akagundua kuwa kilio kile kilianzia kwenye utaratibu wa posho aliouweka yeye. Mama alikuwa wa mwisho katika mnyororo ambao mwanzo wake ulikuwa mahali pengine, penye madaraka na uwezo. Na Umar (r.a.) alipolijua hilo hakuishia kumhurumia mama yule. Alibadilisha utaratibu.

Sasa tuje kwenye elimu ya leo inasema nini kuhusu usingizi wa mtoto. Kwanza tuondoe dhana moja. Mtoto mchanga kuamka usiku si ugonjwa. Tumbo lake ni dogo, maziwa ya mama husagika upesi, kwa hiyo huamka kila baada ya saa 2 au 3 kutaka kunyonya. Katika saa 24 hulala kati ya saa 14 na 17, lakini kwa vipande vipande. Saa ya mwili inayomtenganishia usiku na mchana huanza kukaa sawa kwenye mwezi wa tatu hivi. Mama mwenye mtoto wa wiki 4 anayeamka mara nne usiku hana mtoto mwenye kasoro. Anaye mtoto mchanga. Wale wanaomnywesha mtoto wa namna hii dawa ya mafua ili alale wamsikilize mganga wa hospitali: dawa hiyo inaweza kumdhuru vibaya.

Hapa tunamzungumzia mtoto ambaye miezi inapita naye bado anashtukashtuka, usingizi wake mfupi, mchana ana nongwa na usiku hatulii. Wataalamu wanatueleza kuwa kwa baadhi ya watoto hawa habari ilianza tumboni.

Mtoto aliye tumboni bado hana usiku wake mwenyewe. Giza linapoingia mwili wa mama hutoa homoni ya usingizi iitwayo melatonini, nayo hupita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mtoto. Kwa njia hiyo usiku wa mama ndio unaokuwa usiku wa mtoto. Hata baada ya kuzaliwa, maziwa anayonyonya usiku yana homoni hiyo, na yale ya mchana yanayo kidogo sana. Kwa hiyo tunapozungumzia usingizi wa mama mjamzito, tunazungumzia pia hazina anayoitumia mtoto.

Jambo la pili ni damu. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma aliyoichukua kwa mama, na sehemu kubwa ya akiba hiyo huiweka katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Ndiyo inayomfikisha karibu miezi 6, kwani maziwa ya mama yana chuma kidogo. Mama akiwa na upungufu mkubwa wa damu, au mtoto akizaliwa kabla ya siku zake, akiba huwa ndogo na huisha mapema. Na upungufu huo si wa watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa katika kila wajawazito 100 waliopimwa Tanzania, 57 walikuwa na upungufu wa damu.

Je, damu na usingizi vinahusiana nini? Ushahidi mmoja ulipatikana hapa hapa kwetu, Zanzibar, kisiwani Pemba. Watafiti waliwauliza akina mama wa Pemba na wa Nepal kuhusu usingizi wa watoto wao wadogo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Watoto wenye upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa chuma walikuwa wakilala muda mfupi zaidi usiku na kuamka mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Mwaka uliofuata wakachapisha matokeo mengine: watoto waliopewa madini ya chuma walilala muda mrefu zaidi. Ina maana baadhi ya watoto tunaowasema wana jicho walikuwa na upungufu wa damu tu.

Lakini msomaji asikimbilie duka la dawa. Huko huko Pemba utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2006 na uliohusisha maelfu ya watoto, ulionyesha kuwa kuwapa watoto wote chuma na foliki bila kuwapima, mahali penye malaria nyingi, kuliongeza idadi ya waliolazwa hospitali na waliofariki. Dawa ya damu kwa mtoto hutolewa baada ya kupimwa. Salama zaidi ni mtoto kuzaliwa na akiba ya kutosha, na akiba hiyo haipatikani ila kwa kumtunza mama yake mapema.

Jambo la tatu ni moyo wa mama. Huko Uingereza, katika eneo la Bristol, wanawake waliokuwa wajawazito mwaka 1991 na 1992 walifuatiliwa wao na watoto wao kwa miaka mingi. Taarifa iliyotolewa mwaka 2007 ilieleza kuwa watoto ambao mama zao walikuwa na wasiwasi mkubwa au huzuni nzito wakati wa mimba walikuwa na matatizo zaidi ya usingizi walipofika umri wa miezi 18 na 30, hata baada ya kuiweka kando hali ya mama baada ya kuzaa. Si kwamba kila mama aliyehuzunika atapata mtoto asiyelala. Ni kwamba uwezekano unaongezeka. Nao ni mzunguko: mtoto asipolala mama huchoka, akichoka huzuni humzidi, na huzuni ikizidi inakuwa vigumu zaidi kwake kumtuliza mtoto.

Hapa ndipo penye hatari, na ndipo penye suala lenyewe la makala hii. Elimu hii inaweza kugeuzwa fimbo. Jana mama aliambiwa hajui kulea mtoto, kesho ataambiwa hakujua kubeba mimba. "Si ulikuwa ukinuna? Si ulikuwa hutaki kula?" Mtu akiitumia namna hiyo atakuwa amerudi pale alipokuwa Umar (r.a.) kabla ya kuuliza. Nani kati yetu huchagua kupungukiwa damu? Nani huchagua wasiwasi? Mama mjamzito hali anachokitaka, hula kilichopo. Halali anapochoka, hulala kazi zikiisha. Hatishiki kwa kupenda, hutishika kwa sababu kodi ya nyumba haijalipwa, au mume hajarudi, au amerudi na ngumi. Mambo yanayomharibia mama mimba yake mengi yako mikononi mwa watu wengine, na penye uwezo ndipo penye wajibu.

Wapo watakaopinga. Watasema bibi zetu walilima mpaka siku ya uchungu na watoto walilala. Na kuna methali wanayoipenda: kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Kwa heshima zote kwa wazee wetu, methali hii isitumike kumnyima mjamzito haki yake. Lugha yetu yenyewe inasema mimba hulelewa, na kinacholelewa kina mlezi na kina haki. Ama bibi zetu, tunaowasikia wakisimulia ni wale waliosalimika. Waliozikwa na vichanga vyao hawapo kusimulia. Tena bibi yule hakuwa peke yake. Alikuwa na mama mkwe, mawifi na shangazi ndani ya boma moja, na alipojifungua kulikuwa na watu wa kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji na kumbebea mtoto mpaka arobaini yake ikatimia.

Mama wa Dodoma ya leo yuko wapi na watu hao? Tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia makao makuu, familia nyingi za watumishi zimehama kutoka Dar es Salaam. Mke kajifungua Ilazo au Kisasa, mama yake yuko Tanga, mkwewe yuko Kigoma, na jirani hawajajuana hata salamu. Wengine mume yuko Dodoma na mke kabaki Dar. Mwenye ajira rasmi anayo angalau sheria: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 kwa aliyezaa zaidi ya mtoto mmoja. Baba ilimpa siku 3. Lakini sheria hiyo haimfikii mama ntilie wa sokoni Majengo, wala haimfikii dada yako aliye Kondoa, Bahi au Chamwino. Mvua ya nyanda hizi ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na mwenye mimba ya miezi 7 naye hushika jembe katika shamba la uwele au mtama, kwani mvua ikipita haimngoji. Kiangazi kikija ni zamu ya ndoo za maji. Mama huyu likizo yake hutolewa na watu wa nyumbani kwake. Wasipompa, hana mahali pa kwenda kushitaki.

Wengine watasema yote ni qadar. Ni kweli, hakuna litokealo nje ya elimu ya Mwenyezi Mungu. Lakini mtu huyo huyo akiumwa jino hukimbilia hospitali, na mvua ikikaribia huziba paa lake. Hatuna ruhusa ya kuijua qadar pale tu mzigo unapokuwa wa mwenzetu.

Na wapo watakaouliza: mtoto hajazaliwa bado, ana haki gani kwangu? Sheria ya Kiislamu ilikwisha kujibu. Mtu akifa na kuacha mke mjamzito, mirathi ya mtoto aliye tumboni husubiriwa mpaka azaliwe. Mtu akimpiga mjamzito mimba ikatoka, analipa diya ya mtoto. Mjamzito akihofia nafsi yake au mtoto wake, hana lazima ya kufunga Ramadhani, naye kufunga ni nguzo. Ikiwa Mwenyezi Mungu ameipunguza hata ibada yake kwa ajili ya kiumbe huyu, nani amempa mume au mama mkwe ujasiri wa kutopunguza ndoo za maji? Haki ya mtoto aliye tumboni haina njia nyingine ya kumfikia ila kupitia kwa mama yake. Anayemdhulumu mama kadhulumu wawili, na mmoja wao hawezi hata kulalamika.

Qur'an imeitaja taabu ya mama kuwa ni udhaifu juu ya udhaifu (31:14), na imembebesha baba chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, kisha ikakataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake (2:233). Basi chakula cha mama huyu na mapumziko yake ni haki yake, na haki hudaiwa. Mume anayemletea mkewe mjamzito dagaa, maini au mboga za majani asijione kafanya hisani. Kalipa sehemu ya anachodaiwa.

Tufanye nini basi? Mume ahakikishe mkewe anaanza kliniki mapema, katika miezi mitatu ya kwanza, na vile vidonge vya kuongeza damu anavyopewa visibaki kabatini. Chai isinywewe pamoja na chakula, maana huzuia chuma kuingia mwilini. Mjamzito anayekula udongo asichekwe, apimwe damu. Chandarua kitandikwe. Maji yachotwe na mwanamume. Dodoma hii wanaume wanaosukuma mikokoteni ya maji ya kuuza ni wengi, kwa hiyo tusiambiwe kuwa ndoo ni kazi ya kike. Bibi Aisha (r.a.) aliwaeleza watu kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake mpaka wakati wa swala unapoingia. Mume wa leo ana shughuli gani kubwa kuliko utume?

Kuhusu huzuni ya mama, tuna la kujirekebisha kama jamii. Dodoma ndipo ilipo Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyojengwa tangu wakati wa Waingereza, na nchi nzima imeligeuza jina lake kuwa tusi. Mama aliyejifungua akiona giza moyoni, hana hamu ya chakula wala ya mtoto, hathubutu kusema, kwa kuogopa kuambiwa apelekwe Mirembe. Anyamaze, na mtoto alie naye. Huzuni baada ya kuzaa ni maradhi kama malaria, na ina matibabu. Mwenye kumdhihaki mgonjwa kwa jina la hospitali anamfungia mlango wa tiba, na tuliokwisha kuambiwa kuwa kila ugonjwa una dawa yake hatupaswi kuwa watu wa kufunga milango hiyo.

Misikiti nayo ina nafasi yake. Tunachangishana kwa vigae na vipaza sauti, na hilo ni jema. Je, ni misikiti mingapi ya mji huu yenye orodha ya waumini wake waliojifungua mwezi huu wasio na ndugu mjini, ili akina mama wa darsa wapokezane kuwapikia na kuwafulia kwa siku arobaini? Jambo hili halihitaji mfadhili. Linahitaji sufuria, sabuni na mtu wa kupanga zamu. Na maimamu, khutba za haki za mume juu ya mke tumezisikia nyingi. Tunaomba walau moja kwa mwaka juu ya haki za mke mwenye mimba.

Ndugu msomaji, ukisikia usiku wa leo mtoto wa jirani analia, au wa kwako mwenyewe, usianze na "kwa nini humnyamazishi?" Uliza mama amekula nini, tangu lini hajalala, na nani anamsaidia. Ukipata jibu, inuka ufanye lile lililo katika uwezo wako, hata kama ni kumpokea mtoto kwa saa mbili ili mama yake afumbe macho. Kisha jiulize ni lipi katika taabu yake limetoka kwako. Umar (r.a.) alikuwa Amirul Muuminina na hakuona aibu kujiuliza hivyo.

Wallahu a'lam.